Aliye Juu Mngoje Chini: Historia Fupi ya Kutua kwa Ndege Ndogo

Wahenga waliposema aliye juu mngoje chini, walikuwa wanawasema wenye vyeo na majivuno. Hawakuwa na habari ya eropleni. Lakini kama wangeishi hadi kuiona, sidhani kama wangebadilisha hata neno moja, maana historia ya ndege ndogo imejaa watu waliovuka milima, bahari na majangwa salama salmini, kisha wakavunjika mbele ya macho ya wenyeji wao, mita 200 kutoka kwenye kiti walichowekewa kivulini.

Wengi wetu tunaiogopa ndege kwa sababu ya ule urefu wa juu. Hebu tuulizane, ndugu msomaji: ule urefu unamfanya nini mtu? Juu hakuna ukuta, hakuna mti, hakuna mbuzi anayekatiza. Ukikosea mita 50 huku au kule, hakuna wa kukuona. Chini ndiko kwenye hesabu. Pale ndege inaposhuka, rubani anatakiwa aipunguze mwendo kile kitu ambacho mwendo ndio uhai wake, akiache kife taratibu, na kife mahali maalum, saa maalum, kikiwa kimenyooka. Kutua ni kuacha kuruka kwa makusudi. Tatizo linaanza pale kuruka kunapoacha kabla ya makusudi.

Makala haya yanahusu jambo hilo: ndege ndogo kumponyoka rubani wakati wa kutua, namna binadamu walivyochukua miaka mingi kulielewa, na nani alibebeshwa lawama wakati wakijifunza.

Tuanze na Mjerumani Otto Lilienthal. Huyu bwana hakuwa na injini. Alijitengenezea mabawa ya miti na kitambaa, akawa anakimbia mteremkoni na kujiachia hewani, akiongoza chombo kwa kurusha miguu na kiwiliwili huku na huku. Aliruka hivyo takriban mara 2,000. Agosti 9, 1896, upepo uliinua pua ya chombo chake kuliko kawaida, mabawa yakaacha kumbeba, akaanguka kutoka kama mita 15 hivi na kuvunjika shingo. Kesho yake alifariki mjini Berlin.

Tusiyapite haraka maneno hayo, mabawa yakaacha kumbeba, maana ndimo ilimo siri nzima. Bawa halibebi kwa sababu lina nguvu. Linabeba kwa sababu hewa inalipitia vizuri, juu na chini, kwa pembe ndogo. Ukiinua pua kidogo, linabeba zaidi. Ukiinua zaidi, linabeba zaidi tena. Lakini kuna mpaka. Ukiuvuka mpaka huo, hewa iliyokuwa inatambaa juu ya bawa inabanduka, inavurugika, na bawa linakuwa ubao tu. Watu wa pwani wanalijua hili kwa njia yao: tanga likishikwa vibaya na upepo linapigapiga, na jahazi linasimama ingawa upepo upo tele. Tofauti ni kwamba jahazi likisimama, linaelea.

Ndugu wawili wa Marekani, Wilbur na Orville Wright, walikisoma kifo cha Lilienthal kama mtu anavyosoma barua ya onyo. Waliona kwamba kazi si kupaa tu, kazi ni kuongoza. Ndiyo maana Desemba 17, 1903 wakafaulu. Vitabu vya shule vinatuambia habari ya safari ya kwanza ya siku ile, ya sekunde 12. Mara nyingi vinaisahau ya nne, ya Wilbur, iliyodumu sekunde 59 na kufika mita 260 hivi. Iliishaje? Pua ilipanda na kushuka, ikashuka mara ya mwisho, chombo kikagonga mchanga na kuvunjika sehemu ya mbele. Wakiwa bado wamesimama wanajadiliana, upepo ukakibeba na kukibingirisha. Hakikuruka tena. Yaani siku ileile usafiri wa anga ulipozaliwa, ndipo ulipozaliwa na ugonjwa wake.

Baada ya hapo kikaja kitu kibaya zaidi. Marubani wa mwanzo waligundua kwamba wakati mwingine ndege haianguki kama jiwe, bali inazunguka kama pia, pua chini, huku rubani akivuta mpini kwa nguvu zote ili ainue pua, na kila anavyovuta ndivyo inavyozidi kuzunguka. Waliotoka salama kueleza walikuwa wachache mno. Kijiweni mwa marubani iliaminika kwamba ukiingia humo ndio basi tena.

Agosti 25, 1912, Luteni Wilfred Parke wa jeshi la majini la Uingereza alikuwa anarudi kutua Larkhill, baada ya kukaa hewani zaidi ya saa 3 kwenye majaribio ya jeshi. Alikuwa na mwenzake ndani. Akaanza kushuka kwa kuzunguka, ndege ikamponyoka, ikaanza kuwa pia. Parke akafanya kila alilojua. Akavuta mpini, wapi. Akaikanyagia usukani wa mkia upande uleule ndege ilikozungukia, akidhani anaifuata, ikazidi. Mwisho, kwa kuwa hakuwa na kingine cha kujaribu, akakanyaga usukani upande wa pili, kinyume cha mzunguko. Ndege ikanyooka palepale, ikiwa mita 15 hivi kutoka ardhini, akatua kama hakuna kilichotokea.

Uwanja mzima ulikuwa unatazama, wakiwemo watu waliojua kuuliza maswali. Wakamhoji, wakaandika. Kwa mara ya kwanza kukawa na mtu aliyetoka ndani ya pia akiwa hai na kumbukumbu zake ziko timamu. Desemba mwaka huohuo Parke aliuawa na ndege nyingine, yeye na abiria wake, karibu na London. Lakini alichokisema kilibaki.

Mwaka 1917, vita ikiwa imepamba moto, mwanasayansi Frederick Lindemann wa kituo cha Farnborough, akiwa amejifunza urubani, alipanda juu, akaiingiza ndege kwenye pia kwa makusudi, akiwa anasoma vipimo na kuvikariri ili aviandike akishuka. Fikiria hali hiyo, mshikaji: dunia inazunguka kama feni, nawe unakariri namba. Kutokana na kazi kama yake ikaeleweka kinachotokea. Bawa moja linaacha kubeba kabla ya jingine. Lililoacha linadondoka, lililobaki linapanda, na ndege inaanza kujizungusha kwenye kosa lake yenyewe. Dawa yake ni mambo mawili: kanyaga usukani kinyume cha mzunguko, kisha sukuma mpini mbele, pua iende chini zaidi, ili bawa lipate hewa upya.

Soma tena hapo. Ndege inakwenda ardhini, na dawa ni kuielekeza ardhini. Mwili wote wa binadamu unakataa. Mkono wa mtu anayeanguka hauendi mbele, unavuta kuja kifuani, kama mtoto anavyomvuta mama yake. Huo ndio mgogoro wa karne nzima: elimu inasema sukuma, na damu inasema vuta.

Basi utasema, kama dawa ilijulikana tangu 1917, kwa nini watu waliendelea kufa? Kwa sababu dawa ile inahitaji urefu. Ndege ndogo ya kawaida ikiingia kwenye pia huhitaji, mara nyingi, mita 300 au zaidi ili irudi kunyooka. Na mahali inapopenda kuingia ni kwenye kona ya mwisho kabla ya kutua, ambako rubani yuko kama mita 150 tu. Dawa ipo, lakini duka limefungwa.

Kona hiyo ya mwisho inastahili kuelezwa polepole. Rubani anakuja kutua. Amepita pembeni mwa uwanja, sasa anakata kona ili aikabili njia ya kutulia. Upepo wa nyuma umemsukuma bila yeye kujua, na akitazama anaona njia inampita. Anataka kona iwe kali zaidi. Lakini yuko chini, na anaogopa kuinamisha bawa sana karibu na ardhi. Kwa hiyo anaiba: anakanyaga usukani wa mkia kidogo, pua igeuke haraka. Pua inageuka, lakini inashuka pia. Anavuta mpini kuiinua. Bawa la ndani linataka kuinama, analizuia kwa mkono. Kila tendo ukiliangalia peke yake lina akili. Yakiwa pamoja, ameijenga pia kwa mikono yake mwenyewe.

Na hesabu haimwonei huruma. Bawa linapoinama kwenye kona, hubeba uzito zaidi ya ule wa ndege yenyewe. Kwa mwinamo wa nyuzi 60, kona ikiwa ya usawa, linabeba mara 2. Ndege ambayo ikienda moja kwa moja inaacha kubebwa kwenye kilomita 80 kwa saa, hapo inaacha kwenye kilomita 113. Rubani anatazama saa ya mwendo, inamwambia 100, anajiona yuko salama. Saa haijadanganya. Imejibu swali lingine.

Huo ni upande wa hewani. Upo upande wa pili, wa ardhini, ambao unavunja ndege nyingi ingawa mara nyingi unawaacha watu hai wakiona aibu.

Kwa miaka 40 ya mwanzo, ndege nyingi zilikaa zikiwa zimechuchumaa: magurudumu mawili mbele chini ya mabawa, na kijigurudumu au kigango mkiani. Wilson Airways, kampuni iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1929 na Bi. Florence Kerr Wilson, ilianza na ndege za namna hiyo. Kulikuwa na sababu. Viwanja vilikuwa majani na mashimo, na mkao ule uliinua panka la injini mbali na mawe. Kigango kilikwaruza ardhi na kuwa breki ya bure.

Lakini chukua mshale. Ncha yenye uzito ikiwa mbele na manyoya nyuma, unakwenda umenyooka. Sasa fungia uzito kwenye manyoya, uurushe uone: utajigeuza, uzito utake kupita mbele. Ndege ile iliyochuchumaa ni mshale uliofungwa kinyume. Magurudumu yanayoshikwa na ardhi yako mbele, uzito mkubwa uko nyuma yake. Ikiwa inateleza imenyooka kabisa, sawa. Upepo wa ubavuni ukiisukuma kidogo tu, uzito unataka kupita mbele, mkia unakuja mbele, ndege inazunguka uwanjani kama mbwa anayefukuza mkia wake. Bawa linakwaruza, miguu inavunjika.

Hakuna aliyekuwa mkubwa kiasi cha kusalimika. Machi 20, 1937 Amelia Earhart, mwanamke aliyesifika dunia nzima, alipoteza udhibiti wa ndege yake ya injini 2 huko Honolulu, tena wakati wa kuondoka, ikazunguka na kuvunja miguu, ikapakiwa melini kurudishwa California kutengenezwa. Alikuwa anaanza safari ya kuizunguka dunia. Aliporudia mwaka uleule, alipotelea baharini. Beryl Markham, aliyekulia Njoro na kurusha ndege za kukodi Kenya kabla ya kwenda Ulaya, Septemba 1936 alivuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kuelekea magharibi. Saa 21 na ushei hewani, usiku, dhidi ya upepo. Barafu ikaziba tundu la hewa la tangi, mafuta yakagoma, akalazimika kutua Baleine, Nova Scotia, mahali ambapo kutoka juu palionekana pa kutulia. Palikuwa tope. Magurudumu yakazama, pua ikachimba, yeye akaumia kichwa. Bahari nzima alikuwa ameivuka.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, ndege ya kivita ya Ujerumani aina ya Messerschmitt Bf 109 ilisifika kwa wepesi na kulaaniwa kwa miguu yake iliyokaribiana mno. Nyingi ziliharibika wakati wa kuondoka na kutua, bila adui kufyatua hata risasi.

Sasa hapa ndipo historia inapokuwa tamu, na inapotuhusu. Miaka yote hiyo, jibu la wakubwa lilikuwa moja: rubani hafai. Mafunzo zaidi, nidhamu zaidi, na asiyeweza aondoke. Wakajenga na utamaduni wake, kwamba rubani wa kweli ni yule anayeimudu ndege ngumu, na ndege isiyo ngumu ni ya akina nanihii. Fimbo ilimwangukia mtu, chombo kikabaki kama kilivyo.

Fred Weick aliuliza swali jingine. Huyu alikuwa mhandisi wa utafiti wa anga wa serikali ya Marekani, kituo cha Langley. Badala ya kuuliza kwa nini marubani wanakosea, aliuliza kwa nini ndege inawaruhusu. Yeye na wenzake, kwa muda wao baada ya kazi, walijenga ndege waliyoiita W-1, mwaka 1934. Gurudumu moja likawa mbele chini ya pua, mawili nyuma ya uzito. Mshale ukafungwa sawasawa. Ndege hiyo ikitua kombo, uzito wenyewe unaivuta inyooke.

Kisha akaenda mbali zaidi. Kwenye ndege iliyofuata, Ercoupe, iliyopata kibali cha kuuzwa mwaka 1940, alifunga pamoja usukani wa mkia na vile vibawa vya ncha za mabawa, vyote viongozwe na usukani mmoja kama wa gari. Pedali za miguu za kuongozea zikaondolewa. Akauzuia mkia usiweze kuinua pua kuvuka ule mpaka wa bawa. Matokeo yake, serikali ikaipa hati ya kusema kwamba kwa maumbile yake ndege hii haiwezi kuingia kwenye pia. Yale matendo matatu ya kona ya mwisho, moja halikuwezekana tena, na la pili liliwekewa kikomo.

Vita ilipokwisha, Ercoupe iliuzwa hadi kwenye duka kubwa la Macy's, kama vile unanunua kabati. Mwaka 1946 peke yake zilitengenezwa zaidi ya 4,000. Ilionekana kama kila mtu atakuwa na yake. Halafu soko la ndege ndogo likaporomoka lote kwa pamoja, na Ercoupe ikaanguka nalo. Marubani wa zamani hawakulia sana. Walikwisha kuicheka kwamba ni ya wasiojua kuruka.

Tuseme ukweli, wacheshi wale walikuwa na hoja moja. Ercoupe haikuwa pia, lakini mtu aliyevuta mpini hadi mwisho akiwa chini bado angeweza kushuka kwa kasi ya kumvunja mgongo, pua ikiwa juu na yeye akidhani anaruka. Watu walifia humo pia. Hakuna chombo kinachoondoa hatari yote. Lakini kati ya kuondoa hatari yote na kutoondoa chochote kuna uwanja mpana sana, na Weick alikuwa anaulima.

Wengine waliulima kwa majembe mengine. Mwaka 1944 Wolfgang Langewiesche alichapisha kitabu cha kuwaeleza watu wa kawaida namna bawa linavyobeba, kwa lugha ya mtu anayezungumza na jirani yake. Hadi leo marubani wanakinunua. Nawaambia wale wenzangu wanaotaka kuandika: huyu hakuvumbua chochote, alieleza tu, na kueleza kwake kumeokoa watu. Mwaka 1946 Leonard Greene alianzisha kampuni ya kuuza kifaa kinacholia bawa linapokaribia mpaka wake. Mwaka 1949 Marekani ikaondoa sharti la kila mwanafunzi wa urubani binafsi kujifunza kutoka kwenye pia. Ubishi wake haujaisha mpaka leo. Wapo wanaosema tulifuta somo muhimu. Wapo wanaojibu kwamba wanafunzi walikuwa wanafia kwenye somo lenyewe, na kwamba somo la kutoka halina faida mita 150 kutoka ardhini; la kufundishwa ni kutoingia.

Mwaka 1956 Cessna ikaanza kuuza ndege yake ya 172, yenye gurudumu la pua. Zimetengenezwa zaidi ya 44,000, hakuna ndege nyingine iliyotengenezwa kwa wingi huo. Weick mwenyewe alihamia kampuni ya Piper, na akiwa na wenzake wakasanifu Cherokee, iliyoingia sokoni mwaka 1961: gurudumu la pua, bawa nene la chini lisilo na hasira, linaloacha kubeba kwa adabu, likitoa taarifa.

Na hapo Afrika Mashariki inaingia tena. Mwaka 1957 madaktari wa upasuaji Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees walianzisha huduma ya madaktari wanaoruka, ambayo ndiyo AMREF. Katika miaka ya 1960 akajiunga nao Dkt. Anne Spoerry, mama aliyejifunza kurusha ndege akiwa amevuka miaka 40. Kwa miongo zaidi ya mitatu, hadi karibu na kifo chake mwaka 1999, alitua kwenye vipande vya vumbi vya kaskazini mwa Kenya na visiwa vya Lamu, akiwa na chanjo na dawa, watu wakimwita Mama Daktari. Ndege yake iliyojulikana sana ilikuwa Piper ya ukoo uleule wa Cherokee. Sisemi chombo ndicho kilichomfanya shujaa. Nasema kwamba ule mjadala wa wahandisi wa 1934 uliishia kwenye mkono wa mtoto anayechomwa sindano Turkana.

Ugonjwa umekwisha? Bado. Mwaka 2015 bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani iliweka upotevu wa udhibiti wa ndege ndogo kwenye orodha ya mambo inayotaka yashughulikiwe kwanza. Ilisema kati ya 2001 na 2011 zaidi ya asilimia 40 ya ajali za vifo za ndege ndogo za mabawa zilitokana na jambo hilo. Mshale umenyooshwa, lakini kona ya mwisho bado ipo, na mkono bado unavuta.

Nasi tunakumbuka Bukoba. Novemba 6, 2022 ndege ya abiria ya injini 2 ikitaka kutua katika hali mbaya ya hewa iliangukia Ziwa Victoria karibu na uwanja. Kati ya watu 43, walikufa 19. Waliofika kwanza ni wavuvi na mitumbwi yao. Ile haikuwa ndege ndogo ya aina ninayoieleza hapa, na siichanganyi na habari ya kona na pia. Naitaja kwa sababu ya maneno yanayofuata kila msiba kama ule. Huwa ni ya namna mbili. Wa kwanza anasema: kosa la rubani. Wa pili anashusha pumzi: ajali haina kinga.

Maneno hayo mawili yanaonekana yanapingana, lakini yanafanya kazi moja: yanafunga faili. La kwanza linamtupia marehemu, ambaye hawezi kujibu. La pili linamtupia Mungu, ambaye haitwi kwenye tume. Yote mawili yanatuacha tulivyokuwa, tukisubiri nyingine. Lilienthal alikosea, naam. Kama dunia ingeishia hapo, kaka wawili wa Wright wasingepata pa kuanzia. Mamia walifia kwenye kona ya mwisho, na walikosea wote. Lakini mamia wakikosea kosa lilelile, mahali palepale, kwa mkono uleule, hilo si kosa la mtu tena. Hapo kuna kitu cha kutengenezwa. Ukitaka kuipima hoja hii, usiende uwanja wa ndege. Simama kwenye kona yoyote ya barabara ambayo magari na bodaboda yanaanguka kila mwaka, usikilize watu wakisema dereva alikuwa mzembe.

Limebaki jambo moja, ambalo shule zote za urubani zinalifundisha na marubani wengi wanachelewa kulifanya. Kona ikiharibika, usiikazanie. Nyoosha mabawa, ongeza moto wa injini, panda, zunguka uje tena. Halina gharama ila dakika 5 za mafuta na macho ya watu walioko chini. Mafuta hayajamshinda mtu. Macho ya watu ndiyo yamewaua wengi, maana aliye juu anajua kwamba chini anangojwa, na hataki aonekane ameshindwa mara ya kwanza.